Netiweki na Fahali wa Shinyalu

Pale kona ya kuingilia soko la Kakamega, nyuma ya steji ya bodaboda, kuna benchi lenye miguu mitatu na jiwe moja. Beverlyne humimina kahawa ya tangawizi, na wateja wake humimina maneno. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa ya Shikanga, mwendesha bodaboda ambaye steji nzima humwita Netiweki kwa kuwa simu yake hushinda imebanwa ndani ya helmeti, kati ya sikio na shavu. Jumamosi, kwenye barabara ya Shinyalu, alikuwa amemgonga fahali matakoni. Tena si fahali wa kujificha. Alikuwa fahali wa kupigana, anasindikizwa uwanjani kwa ngoma za isukuti na umati wa watu waliojifunga matawi. Netiweki hakumwona. Fahali alipona, pikipiki ikapona nusu, naye akafungwa bandeji kifundoni. Lakini kilichomuuma si mguu. Mwalimu Moraa, ambaye mwanawe Eugene hupelekwa shule na Netiweki tangu yuko nasari, alikuwa amesema atapita ajisikilizie mwenyewe. Netiweki alimpenda yule mtoto, na aliogopa kwamba leo angenyang'anywa.

— Wacha kutetemeka, bana, alisema Cornelius, mwenyekiti wa steji. Mwalimu akikuja tuko na majibu. Ama namna gani, Wakili?

Wakili ni mzee Shitanda. Hajasomea sheria; alilinda geti la mahakama miaka mingi, na husema sheria ilikuwa inampitia ikiingia na ikitoka.

— Kesi iko wazi, alisema Wakili. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Pikipiki ni fahali. Kwa hivyo hiyo ng'ombe ndiyo ilikuwa mahali si yake.

— Ilikuwa kando kabisa ya barabara, alisema Beverlyne akisuuza vikombe.

— Ilikuwa na leseni?

Beverlyne aliguna tu. Sammy, fundi wa simu anayejiita Injinia, akaweka kikombe chini.

— Nyinyi hamjui sayansi. Simu ikikaa kwa helmeti inavutanga picha kutoka kwa macho. Wewe unaangalia mbele, lakini picha inapitia kwa mnara kwanza. Mnara ukiwa bize, ng'ombe inachelewa kufika.

— Kufika wapi?

— Kwa kichwa ya Netiweki. Wewe, hiyo siku bando ilikuwa imebaki ngapi?

— Kidogo tu, alisema Netiweki.

— Si mnaona! Aliletewa ng'ombe nusu. Ile ya mbele. Hii ya nyuma ndiyo akagonga.

Wote wakatikisa vichwa kwa heshima ya sayansi. Hata Netiweki akahisi nafuu kidogo, mpaka Beverlyne alipoharibu.

— Kwani ulikuwa unafanya nini na simu?

Netiweki akamtazama Cornelius, Cornelius akatazama paa la soko.

— Nilikuwa najibu mwenyekiti.

Hapo lazima ieleweke. Baada ya baraza la chifu kuhusu simu na ajali, Cornelius alikuwa amefungua kikundi cha WhatsApp kinachoitwa Macho Barabarani. Sharti lilikuwa moja: akituma onyo, kila mwanasteji ajibu papo hapo. Atakayechelewa ataosha pikipiki zote jioni.

— Alikuwa amesema nini? aliuliza Wakili.

— "Usishike simu ukiendesha."

— Na wewe?

— Nikatoa simu kwa helmeti nijibu "Nimepokea." Nilifika tu kwa "Nimepo", nikaona mkia.

Wakili akainua kidole, macho yakimng'aa.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Huyu amesikia la mkuu, na guu ndiyo hiyo. Hapa hata jaji atalia.

— Mimi nilituma kwa roho safi, alijitetea Cornelius. Nilikuwa natoka Lurambi, nikaona dereva anaongea na simu, ikaniuma sana, nikaandika hapo kwa hapo.

— Hapo wapi? aliuliza Beverlyne.

— Kwa pikipiki.

— Imesimama?

— Ilikuwa inaenda pole. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Na abiria wako, Netiweki? Si angekupigia kelele?

— Alikuwa anajipiga video.

— Mwenye ng'ombe je?

— Alikuwa anarekodi ng'ombe. Anatembea kinyumenyume mbele yake.

— Na wenye ngoma?

— Walikuwa wanaangalia simu ya mwenye ng'ombe, ndio watokee vizuri.

— Basi huu ni uchawi, aliamua Injinia, akiacha sayansi bila kuaga. Wapinzani walifunika hiyo ng'ombe isionekane.

— Na ngoma?

— Ngoma pia walifunika.

Mwalimu Moraa akatokea hapo, amemshika Eugene mkono. Netiweki akasimama kwa mguu mmoja. Kabla hajasalimia, benchi zima lilikuwa limeshaanza: leseni ya ng'ombe, mnara, video, wachawi. Mwalimu alisikiliza yote kama anayesahihisha insha mbaya.

— Asanteni. Sasa mniambie, nani alikuwa anaangalia barabara?

Injinia akachungulia kikombe, lakini kahawa ilikuwa imeisha. Netiweki akamwangalia Eugene, akaona haya.

— Ni ng'ombe, mwalimu, alisema. Ndiyo ilisikia pikipiki, ikarudi nyuma, ikanizuia. Mbele yake kulikuwa na watoto wanacheza ngoma. Ningeingia kwa watoto.

Beverlyne akaacha kusuuza vikombe.

— Basi nielekezeni kwake, alisema Mwalimu. Kesho yeye ndiye atampeleka Eugene shule.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akageuka, akaondoka na mtoto. Netiweki akatoa simu kwenye helmeti, akaitia mfukoni mwa aproni ya Beverlyne, akawafuata akichechemea.

— Mwalimu! Simu nimeacha.

— Na ile ingine?

Netiweki akasimama. Akarudi hadi kwa Beverlyne, akatoa ile ya pili ndani ya soksi, akachechemea tena. Eugene alikuwa wa kwanza kucheka.

— Leo tutatembea, alisema Mwalimu. Kesho nitasimama mlangoni nikuangalie mpaka kona.

Kesho yake asubuhi, Netiweki akiwa njiani, Eugene nyuma yake kwenye pikipiki, Cornelius alituma onyo kwa Macho Barabarani. Wote walijibu haraka isipokuwa mmoja, ambaye simu zake zilikuwa zinanguruma ndani ya aproni, tumboni kwa Beverlyne.

Jioni, Netiweki aliosha pikipiki zote za steji huku akipiga mluzi. Iliyomchosha zaidi ilikuwa ya Cornelius. Ilikuwa na matope hadi kwenye kiti, maana mwenyewe alikuwa ameingia nayo mtaroni asubuhi hiyo, akiangalia ni nani hajajibu.