Makopo Matatu ya Mwalimu Deborah

Wachungaji, wazazi, walimu, wanafunzi wa darasa la sita, na ninyi nyote mliofika kutoka Kibondo na Kasulu, mlio chini ya turubai na mliokosa nafasi mkabaki juani, familia imenipa mimi, Leonidasi Nduwayezu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, Mwalimu Deborah, na naomba mnivumilie mapema, kwa sababu jana jioni watu wazima wawili waliniomba niruke sehemu moja, na mimi siiruki.

Deborah alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika kata ya Kitahana, wilaya ya Kibondo, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Nduwayezu na mama yetu Niyomwungere, huyu aliyekaa hapa mbele kwenye mkeka. Alisoma shule ya msingi huko huko Kitahana kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, kisha sekondari Kibondo mjini hadi 2002, na tangu utotoni alikuwa mbishi, mtu wa kuuliza nani kasema na wewe mwenyewe umeona wapi, hata baba akawa anatania kwamba huyu mtoto ukimwambia kumekucha, anatoka nje kwanza kuhakikisha.

Alijiunga na mafunzo ya ualimu Kasulu mwaka 2003, akahitimu 2005, akapangiwa kufundisha Titye, na huko huko ndiko alikofunga ndoa tarehe 18 Julai 2009 na shemeji yetu Kipriani, fundi ujenzi, wakajaliwa watoto wawili, Providensi aliyezaliwa 2010 na Yeremia aliyezaliwa 2013. Januari 2014 alihamishiwa hapa Nyakitonto, na baba alipofariki mwaka 2019 akamchukua Mama akaishi naye, na wakapatana vizuri, isipokuwa jikoni, ambako kila mmoja alijiona ndiye mwenye nyumba.

Sasa nafika kwenye ile sehemu. Februari 2025 yalitangazwa mashindano ya uchunguzi wa kisayansi kwa madarasa ya shule za msingi, kila darasa lijiulize swali lake, lipime, kisha likawaeleze waamuzi Kasulu limeona nini, na zawadi ya kwanza ilikuwa tangi kubwa la maji, na hapa hakuna asiyejua watoto wetu wanavyobeba madumu kutoka bondeni kabla ya kuingia darasani. Deborah aliwauliza wanafunzi wake, waliokuwa darasa la tano wakati huo, kama kiganja cha majivu tunachotia kwenye maharage kinazuia kweli wadudu, wote wakanyoosha mikono kwamba kinazuia, akawauliza nani amewahi kuacha mengine bila majivu akalinganisha, mikono yote ikashuka.

Wakatafuta makopo matatu ya plastiki, wakayatia maharage ya gunia moja, la kwanza likawekwa kiganja cha majivu kama anavyoweka Mama, la pili pilipili ya kusaga, la tatu halikuwekwa kitu, ili ijulikane maharage yakiachwa yenyewe yanakuwaje. Stoo ya shule ilikuwa na panya, kwa hiyo makopo yalikaa nyumbani kwake, juu ya kabati la sebuleni, na kila Ijumaa watoto walikuja kuhesabu maharage yaliyotobolewa.

Juni mwaka huo huo miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kukatika, tarehe 10 akaenda hospitali Kasulu, akaambiwa moyo umetanuka na apumzike, akajibu atapumzika mashindano yakiisha, na sisi tulimgombeza wee, hakusikia.

Wiki moja kabla ya kwenda Kasulu, Mama alikuwa anategemea wageni kutoka Kitahana. Ninyi mnajua, kwetu mwanamke akikutwa na maharage yaliyobunguliwa sebuleni kwake, atasemwa mpaka siku anazikwa, na lile kopo la tatu lilikuwa limejaa unga na wadudu wanatembea kama wako kwao. Mama akaona aibu, akayamwaga kwenye ungo, akayapepeta, akayaanika, akachambua mabovu akatupa, akatia kiganja cha majivu, akalirudisha kopo mahali pake likiwa limefutwa vizuri. Watoto walipokuja Ijumaa, Yasmini, binti wa Dadi mwenye duka pale senta, akapiga kelele kwamba wadudu wa kopo la tatu wameokoka.

Watoto walicheka, Deborah hakucheka. Kopo la kulinganishia lilikuwa limeharibika, na Mwalimu Mkuu alipoambiwa alisema majivu yapukutishwe, hesabu ya Ijumaa iliyopita iongezwe kidogo, nani atajua, na shule ipate tangi lake. Samahani Mwalimu Mkuu, najua upo, na najua ulikuwa unawafikiria watoto, lakini ndivyo ulivyosema. Deborah akakataa kuandika namba ambayo hakuna mtu aliyeihesabu, na hapo ndipo nyumba ilipowaka moto, kwa sababu kusema ukweli kule Kasulu mbele ya waamuzi ilikuwa ni kumtaja Mama, na Mama alimuuliza mbele yangu kama anataka kumvua nguo mbele za watu kwa ajili ya maharage, wakaacha kusemeshana, wakawa wanatumana watoto kuombana chumvi. Darasani nako walibishana, wengine wakalilia tangi, mwisho wakakubaliana waseme, ila jina la bibi lisitajwe.

Tarehe 22 Agosti 2025, ukumbini Kasulu, nilikuwepo. Yasmini alisimama, akaeleza vizuri, alipofika kopo la tatu akasema lilisafishwa na mtu mzima kwa nia njema, kwa hiyo darasa lao halina jibu na litaanza upya, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na dada yangu alikuwa ameegemea ukuta, mkono kifuani, nikadhani anaanguka pale pale. Hakuanguka. Tangi lilikwenda shule nyingine, na tuliporudi maneno yakawa mengi, kwamba mwalimu kwa kiburi chake amewanyima watoto maji, na waliosema hivyo wengine wako hapa leo wameshika leso. Yalimuuma, jamani, yalimuuma sana, na alilia.

Tarehe 20 Oktoba alianza upya na darasa lile lile, hakuna mashindano, hakuna zawadi, makopo matatu juu ya kabati, siku ya kufungua ikapangwa tarehe 18 Februari 2026. Na Mama, ambaye alikuwa amepatana naye baada ya kulia wote wawili, ndiye akawa mlinzi, wageni wakija alilifunika kopo la tatu kwa kanga, ila hakuligusa.

Januari hali ilibadilika, tarehe 9 Februari alilazwa Kasulu, na alfajiri ya juzi, Jumanne tarehe 17, moyo wake ukasimama, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya makopo. Watoto wakaja na sare zao, wakasimama nje ya ua, hawajui waingie au warudi, na wazee wakasema haiwezekani, maiti haijazikwa, mbegu haishikwi, mmoja akanyanyuka kuwafukuza, na mimi nikanyanyuka, na nusura yatokee ya kutokea msibani. Mama akasimama kabla yetu, akasema hao watoto wanaingia, tarehe aliipanga marehemu mwenyewe. Maharage yakamwagwa kwenye mkeka, Yasmini akahesabu kwa sauti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kasulu, majirani waliopika na kuteka maji siku zote hizi, walimu wenzake, Mwalimu Mkuu akiwemo, ambaye jeneza limetolewa nyumbani begani mwake, kanisa, na Dadi aliyetoa turubai bila kuombwa. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, mtusamehe.

Na wewe dada, hukulisikia jibu, nakupa. Kopo la pilipili limepona, kopo la majivu limebunguliwa sawa na lile lisilowekwa kitu, kiganja cha Mama hakikusaidia lolote, na Yasmini alipofika hapo aliona haya, akasita kuandika, Mama akamwambia, andika, mjukuu wangu, andika kama ulivyohesabu. Pumzika, dada, kwa amani.