Siku Niliyomjibu Mwanangu "Vizuri Sana"

Nawasalimu nyote. Wa Bwana asifiwe, na asifiwe. Wa asalaam aleikum, waaleikum salaam. Na nyie wa mambo vipi huko nyuma, poa. Mwenyekiti wa kikundi chetu amenipa nafasi hii baada ya mimi kuikwepa mara nyingi, na hivi nilivyosimama bado natamani kurudi kukaa. Si kwamba naogopa kusema. Kusema sijawahi kuogopa, mnanijua.

Hapa Kariakoo wengi mnaniita Redio. Nimeuza mapazia tangu binti yangu yuko mgongoni, na duka langu lilijulikana kwa mdomo wangu kabla ya mapazia yenyewe. Mteja akiingia kutafuta kamba, anatoka na pazia, shuka, na habari za mtaa mzima. Ungeniuliza mimi ni nani, ningekujibu bila kufikiri: mimi ni mtu wa maneno.

Basi sikio la kulia likaanza kulia lenyewe, kama mbu aliyeingia akakosa njia ya kutokea. Nikasema ni mafua. Mafua yakaisha, mbu akabaki. Kisha na la kushoto likaanza kufifia. Mteja anataka kijivu, mimi namshushia kijani. Anashangaa, nacheka, nasema, "Nimekuchagulia mwenyewe, hii ndiyo itakupendeza!" Na yeye anacheka. Nikaona nimepona.

Ndugu zangu, niwaambie kilichonitisha. Bibi yangu mzaa mama, kule Rombo, alizeeka akiwa hasikii. Mwanzoni watu walimpigia kelele. Halafu wakachoka. Halafu wakaacha kumwambia chochote. Nakumbuka wajomba wakibishana bibi akifa azikwe upande gani wa shamba la migomba, naye amekaa palepale katikati yao, anamenya ndizi, anatabasamu. Nilikuwa mtoto, lakini picha ile haikunitoka. Kwa hiyo niliposhindwa kusikia, sikujiona mgonjwa. Nilijiona nageuka bibi. Nilijiona nageuka kitu cha kuwekwa pembeni.

Hospitali sikwenda. Ukienda utaambiwa, na mimi sikutaka kuambiwa. Nikaongeza maneno. Nyie mlisema siku hizi Redio kazidi, hapumui! Jamani, nilikuwa naziba mlango. Nikinyamaza, mtu ataniuliza kitu, na nikiulizwa nimekwisha. Kwenye simu ndiyo usiseme. Naipokea, nauliza mwenyewe, najibu mwenyewe, naaga, nakata.

Nikawa na hofu na kila mtu. Kiti changu cha dukani nikakihamishia ukutani ili asipite mtu nyuma yangu. Wasichana wangu wawili wa dukani wakicheka, najua wananicheka mimi. Mtu akisogeza midomo mbali kidogo, naona ananitukana. Siku moja pale barabarani mkokoteni ukanigonga kisigino, mzigo karibu uniangukie. Kijana alikuwa amepiga kelele "Pisha! Pisha!" mpaka sauti ikamkauka. Akaja mbele yangu, nikauona mdomo wake vizuri kabisa: "Mama, wewe kiziwi?" Nikamwambia ashike adabu yake. Nilirudi dukani nikaingia nyuma ya mapazia, nikalia huku nimeuma kitambaa.

Sasa sikilizeni.

Binti yangu anaishi Kigamboni. Wakati huo ujauzito wake ulikuwa umefika miezi saba, na mumewe alikuwa safarini na lori. Mchana mmoja duka limejaa, simu inatetemeka, naona jina lake. Nikapokea. Nikasikia "mama, mama," halafu sauti inayokatikakatika, juu, chini, juu. Mimi nikadhani anacheka. Nikasema, "Haya mwanangu, vizuri sana! Tutaongea Jumapili, nina wateja." Nikakata.

Akapiga tena. Nikaitazama ile simu ikitetemeka juu ya meza. Nikajua kuna jambo sikulielewa. Na kwa sababu sikulielewa, nikaogopa kupokea. Nisameheni, ndivyo ilivyokuwa. Nikaifunika kwa kitambaa.

Jirani yangu wa duka, huyu shoga yangu anayeuza udi na karafuu, ndiye aliyekuja. Mwenye nyumba wa binti yangu alikosa namna ya kunipata mimi, akampigia yeye. Alinishika mabega yote mawili mbele ya wateja.

"Shoga, nitazame. Mwanao kapelekwa hospitali. Anatoka damu."

Mdomoni mwake nikaona "dawa". Nikamwambia, "Dawa gani?"

"Damu," akasema. "Damu, shoga."

Sijui nilifikaje Magogoni, kwenye kivuko cha kwenda Kigamboni. Kwenye pantoni watu waliinuka ghafla wakakimbilia upande mmoja, na mimi sikujua kama ni tangazo, ni hatari, au tumefika. Nikakimbia nao. Na bado nawatazama watu midomo, kila mdomo nauona unasema habari za mwanangu.

Hospitali nilimkuta kitandani, macho yamegeuka, hajitambui vizuri. Nesi akaja mbio, amevaa barakoa, ana sindano mkononi. Akaniuliza kitu. Nikaitikia kwa kichwa kama nilivyozoea, nikasema, "Sawa, sawa." Akasimama. Akauliza tena, macho yamekaza. Halikuwa swali la sawa. Lilikuwa linataka jibu, na mimi sikuwa na hata neno moja la kukisia, mdomo wenyewe umefunikwa.

Ndugu zangu, pale nilikuwa na njia mbili. Niseme "hapana" nibaki mtu mwenye akili zangu mbele ya yule nesi, au niseme lile neno. Ulimi wangu, huu ulioniletea sifa mjini, ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Kisha likatoka kwa kelele, wodi nzima ikageuka.

"Mimi ni kiziwi! Toa barakoa uniulize tena!"

Akaivuta chini papo hapo. Wala hakunidharau. Akaniuliza taratibu, "Mama, kuna dawa inayomdhuru?"

Ipo. Alipokuwa mdogo alichomwa sindano ya penisilini, uso ukavimba, pumzi ikataka kukata. Nikamwambia. Akaitazama ile sindano mkononi mwake, akageuka, akaenda kubadilisha. Nikakaa sakafuni.

Walimfanyia upasuaji. Mtoto alitoka mdogo, wakamweka kwenye mashine ya joto. Binti yangu alipozinduka akageukia ukutani. Nikazunguka kitanda nikaenda upande ule wa ukuta, nikachuchumaa mpaka nikauona uso wake.

"Nilikwambia nakufa, mama," akasema. "Ukaniambia vizuri sana."

"Sikusikia, mwanangu. Sisikii siku nyingi."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Kweli nilimwogopa. Nilidhani akijua, nitaacha kuwa mama yake, nitakuwa mzigo wa kuvushwa barabara. Akalia, nikalia. Hakunishika mkono siku ile, wala wiki ile. Nisiwadanganye kwamba yaliisha palepale. Mpaka leo hanipigii simu. Akiwa na neno anavuka mwenyewe na mtoto mgongoni, anakaa mbele yangu, ananiambia. Mtoto yu mzima, sasa anakimbia.

Niliporudi dukani niliwaambia wale wasichana wawili. Wakatazamana. "Mama, tulijua," mkubwa akasema. "Tuliogopa kukwambia." Na kicheko chao kilikuwa cha kumcheka mchumba wa mmoja wao, hakikunihusu hata kidogo!

Daktari alisema la kulia limekufa. La kushoto nina kifaa hiki mnachokiona. Kinasaidia, lakini sokoni kinaniletea kelele zote kwa pamoja. Na sikio lenyewe linaendelea kufifia. Asubuhi nikiamka kitu cha kwanza nagonga ukuta, nisikie kama bado. Bado naogopa, jamani.

Namshukuru shoga yangu wa udi, aliyeacha duka lake akaja kuniambia. Namshukuru nesi yule. Nawashukuru wasichana wangu, wanaonigusa bega kabla ya kusema. Na binti yangu, aliyekubali kurudi.

Ninachowaachia ni hiki. Ukijiona duni moyoni, utasikia dharau hata kwenye salamu, utamjibu mtu aliyeko kichwani mwako badala ya huyu aliyeko mbele yako. Mimi masikio yaliniharibikia, lakini nyie wenye masikio mazima nawaona humu mnaitikia "sawa, sawa" kwa waume zenu, kwa watoto wenu, mkificha vyenu. Semeni. Neno lile mnaloliogopa halina meno kama mnavyofikiri.

Mwenye swali aje hapa mbele, anitazame usoni, asizibe mdomo kwa mkono. Aulize taratibu. Na nikikujibu kitu ambacho hukuniuliza, usiniache hivyo hivyo. Niulize tena.