Miguu Mitupu ya Andazi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliofungwa kwa waya kati ya kibanda cha mlinzi na makabati ya vifurushi, kwenye lango la maghorofa pale Chengdu, China. Baada ya chakula cha mchana hukaa watu wale wale. Deng, mlinzi wa lango, wanamwita Redio kwa sababu hajawahi kuzimwa. Mzee Pang alikuwa dereva wa basi, ila alipopasuliwa akatolewa nyongo aliamka akiwa Daktari, na hivyo ndivyo anavyoitwa mpaka leo. Bibi Qiu wanamwita Soksi, maana mfuko wa aproni yake haukosi soksi za kuwavika watoto wa watu, waombe wasiombe. Kila mtu na gilasi yake ya chai, thamosi moja ya maji ya moto katikati, na chini maganda ya alizeti ambayo hakuna anayekiri kuyatupa.

Jumamosi hiyo Yovana alishuka kutoka ghorofa ya kumi na moja akiwa na mtoto kiunoni na ombi moja mdomoni. Yaya wake alikuwa ameondoka jana ghafla. Binti wa yaya huyo amejifungua kijijini, na mwezi wa kwanza wa uzazi mama hamwachi bintiye peke yake, hata kama nyumba ya tajiri inaungua. Mume wa Yovana alikuwa Kunming akifunga mitambo. Jumatatu Yovana anarudi kufundisha chekechea. Asipotokea, kazi imekwenda, na kibali cha kuishi nchini kimekwenda nayo, na wote watatu watajikuta Peru kwa mama mkwe. Alikuwa amekuja kumwomba Bibi Qiu akae na mtoto. Hata salamu haikutoka.

— Miguu! alifoka Bibi Qiu.

Mtoto alikuwa na miezi saba. Jina lake Amaru, lakini benchi lilimwita Andazi tangu siku ya kwanza, bila kuuliza mtu. Ilikuwa Juni, na jua lilikuwa linachoma mpaka vyuma vya baiskeli havishikiki.

— Mama Andazi, unataka kumuua huyu? Hebu lete.

Mtoto akanyakuliwa. Miguu yote miwili ikaingia kwapani mwa Bibi Qiu, mkono mwingine ukaenda mfukoni kutafuta soksi.

— Bibi, nilikuwa nimekuja kukuomba...

— Baridi huingilia kisiginoni, alisema Daktari. Inapanda taratibu. Mtoto akifika miaka ishirini iko gotini. Miaka hamsini, imefika kichwani. Hapo hakuna dawa.

— Mzee Pang, kuna joto la kukaanga yai, alisema Yovana.

— Ndiyo hatari yenyewe! Baridi ya majira ya baridi unaiona, unajifunika. Ya Juni inakuvizia.

Redio akatema ganda la alizeti.

— Mnamwonea bure. Wageni ndani wameumbwa vingine. Wananyweshwa barafu tangu tumboni, kwa hiyo utumbo wao ni kama friji. Na friji si unajua, mgongoni inatoa moto? Ndiyo maana wanatembea na kaptura Januari, kwenye baridi kali.

— Mimi sivai kaptura Januari, alisema Yovana.

— Wewe bado. Ngoja ikue friji yako.

— Jamani, nina shida. Jumatatu...

— Shida tunaijua, alisema Bibi Qiu, akivuta soksi ya kijani mpaka kwenye goti la mtoto. Siku kumi baada ya kuzaa tulikuona hapa langoni na kandambili, nywele mbichi, unakwenda kununua mkate. Siku kumi! Mimi nilijifungia ndani siku thelathini, sikugusa maji baridi wala sikufungua dirisha.

— Mkate ulikuwa umeisha, Bibi.

— Na maji unakunywa ya wapi?

Yovana akageuza uso upande wa makabati. Walimjua.

— Ya friji, alijibu Redio kwa niaba yake. Nimeona chupa zikipita hapa.

— Basi na maziwa yanatoka baridi, alisema Bibi Qiu. Mtoto ananyonya maziwa ya barafu. Unafikiri analia nini usiku? Anatetemeka!

— Tumbo linaganda, alikubali Daktari. Shemeji yangu alikunywa bia ya baridi mara moja tu, harusini kwangu. Mpaka leo mkono wa kushoto hauinuki.

— Si alianguka na pikipiki huyo? aliuliza Redio.

— Na kwa nini alianguka? Mkono haukuinuka!

Yovana alihesabu pumzi zake. Miaka mitatu alikuwa akishuka hapa kuchukua vifurushi, na miaka mitatu anaelezwa maungo yake mwenyewe. Shuleni wanafunzi thelathini na wawili wa chekechea walikuwa wakimsikiliza kuliko watu hawa watatu.

Hapo akaingia langoni mwanamke mwenye mfuko wa vitunguu majani, Dada Tao, aliyehamia jengo la tisa wiki hiyo hiyo. Alisimama, akamtazama Yovana.

— Mbona huyu ana sura ya kulia?

— Yaya amekwenda kumtunza binti yake aliyejifungua, alisema Yovana haraka, kabla hajakatizwa. Jumatatu naingia kazini saa mbili kasoro. Nisipoingia natimuliwa.

— Kumbe, alisema Dada Tao. Na Jumatatu mtoto anakaa na nani?

Ajabu, Redio alizimika. Kumbe kulikuwa na kifurushi cha kupanga upya. Daktari aliinamisha thamosi juu ya gilasi yake, ikatoa tone moja, akaitikisa sikioni kama anayesikiliza mapafu ya mgonjwa.

— Maji yameisha, alitangaza, akainuka nayo.

Dada Tao naye akakumbuka vitunguu vyake. Yovana akanyoosha mikono amchukue mwanawe. Bibi Qiu hakumtoa. Alikuwa akitazama zile soksi za kijani. Alizifuma kwa ajili ya mjukuu wake aliyepelekwa Shenzhen, ambaye sasa anavaa viatu vya shule.

— Saa mbili kasoro ngapi?

— Kasoro robo. Lakini hapa natoka saa moja na nusu.

— Mlete saa moja. Cha friji usiniletee.

— Sileti, Bibi.

— Sijamaliza.

Mkono ukarudi mfukoni, ukatoka na jozi nyingine. Za sufu, za kahawia, za mtu mzima.

— Kaa chini, vaa. Sipokei mtoto kwa mtu mwenye miguu ya baridi.

Yovana aliangalia kandambili zake. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Akakaa kwenye benchi, akavaa, akazivuta mpaka magotini.