Mkunga Aliyekataa Ofisi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkunga wetu anastaafu. Kitambulisho chake kina jina kamili, lakini wodi nzima ya wazazi, kuanzia mganga mkuu hadi wafagizi, inamjua kama Dada Sawa.

Jina hilo alijipatia mwenyewe. Ukimwomba akushikie zamu, sawa. Ukimletea ugomvi wako na mumeo, sawa, keti. Akifika nyumbani, mama yake na mdogo wake wa kiume nao walikuwa na foleni yao, maana tangu baba yao afariki, yeye kifungua mimba ndiye aliyebeba kila kitu. Sote tulimsifu kwa moyo wake mkubwa. Hakuna aliyemuuliza kama moyo huo umechoka.

Miaka kumi na miwili iliyopita aliteuliwa kuwa muuguzi mkuu. Tulipiga vigelegele; mdogo wake akawatangazia ndugu wote. Mchana huohuo tulimkuta kwenye chumba cha mashuka akilia kwa kwikwi, na mwenyewe hajui analilia nini. Mganga mkuu akamwelekeza kwa mshauri nasaha wa hospitali, yule mama mpole mwenye chumba kidogo nyuma ya famasi.

Alikwenda akitarajia kuambiwa apumzike. Badala yake aliulizwa, "Leo asipokuomba mtu chochote, wewe ungependa kufanya nini?" Dada Sawa akaanza kutaja zamu za wenzake na mahitaji ya mama yake, mpaka muda ukaisha. Swali lilimsumbua njia nzima. Wiki iliyofuata akarudi, na nyingine tena.

Mshauri hakumpa majibu. Alimsaidia kuyasikia yake. Taratibu aligundua kwamba cheo kile alikuwa akikitaka kwa ajili ya mama, mdogo wake na sisi. Yeye alitaka kubaki kando ya kitanda cha mzazi, glovu mikononi, akimpokea mtoto. Ndipo akaanza kujifunza neno jipya, akilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha choo cha wafanyakazi. Wa kwanza kulipokea nilikuwa mimi, nilipomwomba anishikie zamu ya Jumamosi. "Hapana, mdogo wangu." Nilicheka, nikasubiri amalizie utani. Hakumalizia.

“Hapana” ya pili ilimwendea mganga mkuu, na cheo akapewa mwingine. Nyumbani kukawaka moto. Mdogo wake alimwambia amewaaibisha. Mama akamnunia kwa miezi. Aliumia sana, ila hakurudi nyuma.

Kisha wifi yake, mke wa mdogo wake huyo, akaletwa kujifungua, mtoto akiwa ametanguliza makalio. Mama alisimama mlangoni akisikiliza sauti ya bintiye ikimwongoza mzazi, tulivu, isiyotetereka. Mtoto alipolia, bibi naye akalia.

"Kumbe hapa ndipo kwako, mwanangu," alimwambia. "Mimi nilikuwa nakusukuma kwingine."

Tangu hapo amepokea watoto wengi mno, amewafundisha kazi wakunga chipukizi, na amewashika mkono wenzake kadhaa hadi kwenye kile chumba cha nyuma ya famasi, wakiwemo walioapa kwamba wako salama kabisa.

Dada yetu, ahsante kwa mikono yako, kwa vicheko vya chumba cha chai, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kujifahamu upya hata akiwa na mvi. Siku zijazo ni zako. Zitumie kwa raha, na afya njema ikuandame popote uendapo.