Isale Alilolibeba Mzee Abdiel

Ndugu waombolezaji, baba mchungaji, majirani, na nyinyi wajumbe wa kamati ya maji mliowahi viti vya mbele bila kuitwa, tunaomba utulivu, historia ya baba yetu ni fupi na leo itasomwa yote.

Marehemu Mzee Abdiel Efraimu Akyoo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kitongoji cha Mringeni, juu ya Tengeru, mtoto wa kwanza kati ya wawili, akasoma hapa hapa hadi darasa la saba mwaka 1967, kisha akaajiriwa kupogoa mibuni katika shamba la kahawa hadi mwaka 1985. Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Skolastika, wakajaliwa watoto watatu, Irine, Elihuruma na Prisca, na wajukuu saba.

Mwaka 2016 watumiaji wa maji wa kule chini walikubali kuwalipa kila mwaka wenye mashamba ya huku juu, ili wasilime mita sitini kuzunguka chemchemi. Baba aling'oa kahawa kwa mikono yake mwenyewe, kwenye kipande chenye chemchemi alichogawiwa na babu, akapanda mikuyu na miringaringa, miti inayotunza maji, na ng'ombe akawa anawatekea maji kwa ndoo wasiikanyage chemchemi. Malipo, jamani, yakaishia Levolosi mjini kwa mdogo wake, Bwana Melkizedeki, ambaye hajawahi kumwagilia hata mche mmoja, ila kwa kuwa ndiye kitindamimba aliyeachiwa nyumba ya wazazi, aliandikisha kwenye kamati inayogawa malipo hayo, kwa macho makavu, kwamba na chemchemi ni yake.

Tarehe 3 Juni 2021 baba, akiwa amechoshwa na ugomvi, alimpelekea mdogo wake isale, jani la kuombea amani, ambalo kwetu Wameru ukiletewa hulikatai, mnapatana. Kamati ikaandika kwenye muhtasari kwamba aliyebeba isale amekiri kosa, kwa hiyo shamba si lake. Loo! Mtu mzima katafuta amani, kageuzwa mwizi wa mali yake. Tulimsihi apande kahawa tena, akakataa katakata, akisema wanaokunywa kule chini hawajamkosea.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 18 Januari 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Sasa tusidanganyane. Leo Bwana Melkizedeki ameingia getini analia, isale mkononi. Halikataliwi, tumelipokea, na litapandwa mpakani pa chemchemi. Lakini kwa muhtasari wenu wenyewe, aliyebeba isale amekiri, barua ya kuirudisha chemchemi kwa jina la marehemu tumeshaiandika, ipo pale mezani kwenye kitabu cha rambirambi, na jeneza halishuki kabla hajasaini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompeleka hospitali bila kuchoka, na wapogoaji wenzake wa zamani waliopanda mlima huu kwa miguu. Kamati hatuna la kuishukuru.

Bwana Melkizedeki, kalamu hiyo hapo. Na wewe, baba, ukishaona jina lako limerudi, pumzika kwa amani.