Mkono Uliovuta Pazia

Alikuwepo. Hilo alilisema kabla hata hajaketi, akalirudia alipopokea kikombe cha kahawa: alisimama hatua tatu tu, akamwona kwa macho yake mawili mkuu wa wanyonya damu akikata roho. Jina la Nilikuwepo hakupewa na wazazi. Alipewa na benchi hili la nje ya duka la kinyozi, maana hakuna moto, harusi wala ajali iliyowahi kutokea mjini bila yeye kuwa kando yake. Kwa kazi ni fundi rangi, na safari hii hata wabishi walimkubalia nusu. Watu wa sinema walikuja kweli, wakakodi ghala la zamani la kiwanda cha sabuni, na yeye aliingia mle na ndoo na brashi zake. Sasa filamu imetoka, na kipande cha kuionjesha kinazunguka kwenye simu: mkuu wa wanyonya damu amemkaba stelingi shingo, mara mkono unatokea pembeni, unavuta pazia, mwanga unamwagika, yule bwana anaachia ukelele. Giza. Mkono huo, alisema Nilikuwepo, ni wake.

Balaa ni kwamba alishalisema na nyumbani. Mkewe kawaalika majirani Jumamosi waje kuangalia filamu nzima, na viti vya kuazima vilishaanza kufika. Na hapo benchini ameketi kaka wa mkewe, muuza nyama anayeitwa Robo Kilo, ambaye kwa miaka kumi na minane hajachoka kusema kuwa dada yake aliolewa na mdomo, mwili ukaja baadaye. Mkono ukionekana ni wa mtu mwingine, Nilikuwepo atahama mji.

— Hebu simamisha hapo, Robo Kilo alimwambia kinyozi, mwenye simu. Angalia hizo kucha. Shemeji, tangu lini wewe ukawa na kucha safi?

— Walinisugua kwa petroli. Wasichana wawili, huyu mkono huu, yule mkono huu.

— Na ulioonekana ni mmoja tu.

— Wa pili ulikuwa unasubiri zamu.

Kinyozi alicheka hadi kahawa ikampalia. Ndipo Spana, fundi magari, akasema wanagombania mkono wakati lililo kubwa ni kifo chenyewe, kwani kipande kinakatika kabla hatujaona jamaa kafaje. Nilikuwepo alisema kafa kwa jua. Spana alikataa. Yeye analala chini ya magari saa saba mchana mwaka wa thelathini sasa, na jua halijamuua. Kilichomuua yule ni injini: miaka mia tatu imekaa baridi kwenye handaki, halafu ghafla unaikanyagia mafuta mpaka mwisho. Lazima kitu kipasuke.

Robo Kilo alisema hao wote hawajui damu. Bwana yule anakunywa damu za watu mchanganyiko, wazee kwa vijana, wazima kwa wagonjwa, bila hata friji. Alikufa kwa tumbo. Mwanga ulimkuta tayari ameshalegea.

Kinyozi alisubiri wamalize, kama mtu mwenye karata nzuri. Alikufa kwa aibu, alisema. Kiumbe asiyejiona kwenye kioo hajui kichwa chake kikoje. Mwanga ulipoingia aliona kivuli chake ukutani, nywele zimesimama kama ufagio, moyo ukashindwa.

— Nina wateja waliozimia kwa kidogo kuliko hicho.

Nilikuwepo aliona benchi linamponyoka. Akawaambia kwamba kwanza yule bwana hakufa mara moja. Alifia pale pale mara kumi na moja, na kila akifa, mkubwa wa hao watu wa sinema anatikisa kichwa, bado. Kati ya kifo na kifo anaketi juu ya kreti, anavua meno yale marefu, anayaweka kwenye kisosi, kisha anampigia simu mama yake kumuuliza habari za goti.

— Mnyonya damu ana mama? Spana aliuliza.

— Wewe huna?

Hapo benchi lilirudi kwake. Hata Robo Kilo alisogea, bega likagusana na bega, akasema kwa sauti ya chini huku akiangalia ndani ya kikombe:

— Shemeji, nimeshawaambia wateja. Dukani kote wanajua mkono ni wa shemeji yangu. Kwa hiyo kama kuna neno, liseme leo.

Miaka kumi na minane Nilikuwepo ameisubiri siku ya kuaminiwa na mtu huyu. Imefika, na neno lipo.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama na kikapu, anamngoja Robo Kilo arudi dukani akamkatie mifupa. Alikuwa amewasikiliza muda mrefu.

— Samahani, wanangu. Mimi nimepakia sabuni kwenye ghala lile miaka ishirini na miwili. Halina dirisha. Hilo jua lilipitia wapi?

Spana alisema labda walitoboa ukuta. Kinyozi alisema wameng'oa bati. Robo Kilo, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, ndiye aliyemtetea shemeji yake kwa ukali zaidi, akidai wale watu wana mashine ya kuingizia jua popote wanapotaka.

— Mwanangu, mama alisema, ukuta ule naujua. Nilikaa ndani yake nikiomba dirisha.

Wote wakamgeukia Nilikuwepo.

— Nililichora, alisema.

Akaeleza polepole, tofauti na kawaida yake. Siku nne juu ya ngazi. Mbingu ya kwanza aliifuta, ilitoka buluu ya ukuta wa zahanati. Ya pili aliipa wingu moja jembamba, na vumbi kidogo kwenye vioo, maana dirisha lisilo na vumbi hakuna anayeliamini. Wakatundika pazia la kweli mbele yake, na jua lilikuwa taa kubwa. Kabla ya kifo cha kwanza, yule bwana aliona joto, akaenda kufungua dirisha. Alipapasa ukuta mzima akitafuta komeo.

Robo Kilo aliweka kikombe chini.

— Kwa hiyo mnyonya damu kauawa na rangi yako.

— Makopo saba.

— Siku nne dirisha, mama alisema. Na kuvuta pazia kulichukua muda gani?

— Kama kupiga chafya.

— Sasa huo mkono ulikuwa wa kazi gani?

Kinyozi aliizima simu. Spana aliinua birika, akalitikisa, akalirudisha.

— Mkono ni wa msichana wa mavazi, Nilikuwepo alisema mwishowe. Hayo ya mkono wangu niliyaongeza mwenyewe.

Robo Kilo alisimama, akajifunga aproni yake, akamwashiria mama watangulie dukani.

— La mkono utamwambia dada yangu mwenyewe, leo hii, kabla ya viti vingine kuletwa. La dirisha niachie mimi.