Aili Kangas na Siku Tatu za Rufaa

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi ile Aili Kangas alikuwa ameshaondoka mji wao. Gari lake linakata theluji, binti yake Senja yuko kando yake, barua magotini. Aili, tuliyemzika Jumamosi hapa kaskazini mwa Michigan, alikuwa na miaka sitini na moja wakati huo. Alikuwa anakwenda kutafuta wakili. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Siku tatu za kukata rufaa. Barua ilisema amenyimwa malipo ya wasio na kazi, kwa kuwa aliacha kazi mwenyewe.

Hakuacha. Ijumaa moja, msimamizi wa kiwanda cha mbao alikofanya kazi, Waino Lahti, alimwambia kazi imepungua, Jumatatu asije. Kesho yake, Jumamosi, Aili akafanya kama wafanyavyo watu wa kwao, wajukuu wa Wafini, wahamiaji kutoka Finland: huondoki mahali bila kushukuru. Akaandika, "Asanteni kwa miaka kumi na tisa. Naondoka bila kinyongo." Alipoomba malipo, kiwanda kikaipeleka karatasi hiyo serikalini. Eti ni barua ya kuacha kazi.

Wakili wa kwanza alitaka ada ya mshahara wa miezi miwili. Aili akavaa kofia yake. Mlangoni, karani akawanong'oneza: ng'ambo ya barabara kuna ofisi ya msaada wa kisheria, mwenye kipato kidogo halipi.

"Hiyo ni ya maskini," Aili akasema.

"Mama, tangi la mafuta ya kupashia nyumba limekauka," Senja akamjibu. "Sisi ni nani, matajiri?"

Wakavuka.

Wakili Ruth Hoekstra aliisoma karatasi mara mbili. "Bi Aili, nani alisema kwanza, wewe au yeye?"

"Yeye."

"Basi mwambie jaji hivyo. Yote, siyo neno moja."

Rufaa ikawahi muda, na kesi ikasikilizwa kwa simu. Jaji akauliza, "Uliambiwa usirudi?" Aili akatikisa kichwa kukubali. "Bi Kangas, upo?" Akatikisa tena.

Senja anakumbuka: "Nilimfinya! Nikamwambia, Mama, jaji hakuoni!"

Hapo Aili akasema. Ijumaa, Jumamosi, yote, kwa pumzi moja. Waino, shahidi wa kiwanda, akaulizwa. Akakohoa. "Ni kweli. Mimi nilianza. Karatasi ilikuja baadaye."

Aili akashinda.

Senja, na ukoo mzima wa Kangas, poleni sana. Na wewe unayesikiliza, mwenye barua kama ile mezani, jiulize unamwonea nani haya. Soma tarehe ya mwisho leo.

Malipo ya Aili yalifika wiki ya tatu. Baadaye alipika shuleni miaka tisa, mpaka moyo ukasimama. Ruth amestaafu. Senja anaishi katika nyumba ya mama yake. Kiwanda kimefungwa. Waino naye alipunguzwa, akanyimwa malipo, akaona aibu kwenda kwa Ruth. Muda wa rufaa ukampita. Nyumba yake iliuzwa, na sasa anakaa kwa dada yake, Wisconsin.